Shemeji, Mama si mkaidi

Shemeji,

Juzi kwenye simu uliniambia Mama, ambaye ana kisukari, siku hizi ni mkaidi: anakana kuwa amekula, anaficha vidonge, ukimkumbusha anafoka. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu nyumba nyingi za Kisumu, na hata huku Nakuru, zina mzee kama wetu na shemeji kama wewe anayeshinda naye huku sisi tukituma pesa na ushauri. (Ndiyo, ushauri kama huu.)

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu. Macho, figo na miguu tumeshaonywa sana. Ubongo hautajwi, ilhali ndio mlafi kuliko vyote: uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nguvu zetu. Ndiyo maana mwenye kisukari, hasa akiwa na presha pia, yuko kwenye hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Linaloninyima usingizi ni sukari kushuka. Mama anameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, anasahau, anameza tena. Unampakulia ugali na omena, anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Baadaye anatoka jasho, mikono inatetemeka, maneno hayashikani, anakutukana. Kabla hujasema ni uzee, mpime sukari. Mashine ikisoma chini ya 4 (mmol/L) na anaweza kumeza, mkorogee vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji, umpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kushuka vibaya mara kwa mara kunaumiza ubongo, na ubongo ulioumia unazidi kusahau dawa. Anazunguka humo, maskini, na sisi tunamgombeza.

Vidonge vitoke chumbani kwake, akabidhiwe kimoja kimoja. Kliniki muulize daktari kama dawa hiyo bado inamfaa kwa umri wake. Kwa mzee anayesahau, madaktari wengi huridhika na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kikiwa karibu na asilimia 8, hawamlazimishi ashuke chini ya asilimia 7. Na kwa kuwa ametumia metformin, dawa nyingine ya kisukari, miaka mingi, apimwe vitamini B12. Ikipungua nayo huleta usahaulifu, na huo unatibika.

Nauli ya kliniki natuma Ijumaa. Kaka naye mwambie zamu ya Jumamosi usiku ni yake, mpira au hakuna mpira.