Trauti asije akatoka kwenye kanuni

Nairobi,
Jumapili jioni

Kariuki rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo Nyeri. Nimeisoma rasimu yenu ya maoni ya kutetea trauti, samaki wa mito ya maji baridi, abaki kwenye kanuni za uvuvi. Nusu yake ni historia: mlowezi Grogan aliyeleta trauti wa Scotland kwenye mto Gura mwaka 1905. Ni kweli, lakini kwa kuonyesha kuwa samaki huyu ni mgeni, anayetaka aondolewe kwenye kanuni mmempa fimbo ya kuwachapia. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wamo katika orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira) ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Hoja hiyo itangulizeni nyinyi, kisha mjibu: kumfutia kanuni hakumtoi mtoni. Kinachotoka ni leseni, kipimo cha urefu na idadi ya kubeba kwa siku. Kuvua kwa sumu kutabaki marufuku kwenye karatasi, ila mvuvi mwenye leseni ndiye jicho lililoko mtoni asubuhi, na sumu huua kila kitu, hadi wadudu wa majini.

Kuna jambo hamkuligusa kabisa. Kwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni hufa yenyewe baada ya miaka 10, na waziri anaweza kuiongezea muda mara moja tu, usiozidi miezi 12. Kwa hiyo samaki anaweza kupoteza ulinzi bila mtu yeyote kumpinga! Kila kanuni mnayoitaja, andikeni namba yake na tarehe ilipotungwa. Taarifa ya athari, yaani maelezo ya serikali kuhusu matokeo ya kanuni mpya, ikitangazwa katika Gazeti Rasmi, muda wa maoni unaweza kuwa siku 14 tu. Takwimu hazikusanywi kwa wiki mbili.

Takwimu zenyewe ndizo zenye uzito. Kila mvuvi ajaze: tarehe, sehemu ya mto (kutoka daraja gani hadi lipi), idadi ya saa alizovua, samaki aliowapata, waliorudishwa, urefu na joto la maji. Wavuvi wanne wakivua saa nne kila mmoja, hizo ni saa 16. Samaki 12 ni 0.75 kwa saa. Siku ya mikono mitupu iandikwe pia. Wengi huiruka kwa aibu, na hapo wastani unapanda uongo. Urefu upimwe kutoka ncha ya pua hadi panapogawanyika mkia. Wengine wakipima hadi ncha ya mkia, jedwali zima halifai. Joto lina sababu: maji yakipita nyuzi 20 oksijeni hupungua, na samaki anayerudishwa anaweza kufa baadaye. Mkipendekeza uvuvi usimame saa za joto, mtaonekana mnalinda mto, si starehe yenu.

Barua moja iliyonakiliwa mara mia ni hoja moja. Afadhali barua kumi tofauti, na moja itoke kwa mkulima anayeteka maji Gura. Nakala ipelekeni kaunti pia, maana uvuvi umo katika kazi zake kwenye Jedwali la Nne la Katiba.

Nitumie jedwali kabla hamjachapa, nilipitie.

Wako,
Juma