Ule msuli wa shingo ulioniuliza

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na swali lako kuhusu msuli unaojitokeza shingoni limenifurahisha mno. Katika misuli yote ya shingo, huo ndio niupendao zaidi.

Simama mbele ya kioo, geuza uso kulia. Kitakachosimama kama kamba ni msuli wa kushoto. Chini una vichwa viwili: kimoja kimeshika mfupa wa kidari, kingine mtulinga, na katikati yao utaona kijishimo kidogo. Kutoka hapo unapanda kimshazari hadi kwenye kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Ukikaza wa upande mmoja, sikio hulalia bega la upande huohuo, uso nao hugeukia upande wa pili. Ikikaza yote miwili, shingo huinama mbele. Lala chali, inua kichwa peke yake, utaihisi vidoleni.

Madaktari huuita sternokleidomastoidi. Amri yake hutoka kwenye neva ya 11 ya kichwa, ndiyo maana daktari anayeipima neva hiyo hukwambia ugeuze uso huku amekuzuia shavu kwa kiganja.

Una kazi nyingine ambayo ningependa kila mtu aijue. Katika kupumua kwa kawaida hautumiki sana, lakini pumzi ikibana huinua kidari ili kifua kipanuke. Kwa hiyo ukimwona mwenye pumu ametulia tu, hajakimbia wala hajabeba kitu, na misuli hii inakaza kila anapovuta hewa, usingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Kuhusu kukandwa shingo, nakuomba sana uwe mwangalifu. Chini ya msuli huu inapita ateri kubwa ipelekayo damu kichwani. Wakukande taratibu, na pale panapodunda wasipakandamize kabisa.

Hayo maumivu ya kwenye paji uliyoyataja huenda nayo yanaanzia hapo, maana msuli huu ukikakamaa, maumivu yake husikika hata kwenye paji la uso na sikioni. Ila yakiambatana na homa, au mkono ukifa ganzi, nenda ukapimwe.

Jaribu hilo la kulala chali, kisha uniandikie ni upande upi unaouma zaidi.

Wako akupendaye,
Zuhura