Kabla hujatuita kwa tatizo la magneto: mambo unayoweza kuyapima mwenyewe

Wateja wetu wengi huegesha ndege katika viwanja vya mashambani, Laikipia, Naivasha na kwingineko, mbali na karakana yetu iliyoko Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Simu tunayoipokea mara kwa mara husema magneto ya upande mmoja (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini) imekufa, ilhali fundi akifika huikuta magneto nzima na plagi ndizo chafu. Vipimo vichache vilivyofanywa kwa makini vitakuepushia gharama ya safari hiyo.

Katika injini za Lycoming zilizofungwa kwenye Cessna 172, kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo mbili hupata umeme kutoka magneto mbili tofauti, ambazo hazitegemei betri hata kidogo. Ukizima magneto moja, silinda hubaki na cheche moja, mafuta huungua polepole zaidi, na mizunguko ya injini hupungua. Kitabu cha mwongozo cha toleo la 172M hutaka jaribio lifanyike kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, upungufu usizidi 125 kwa kila magneto, na tofauti kati ya hizo mbili isizidi 50. Kwa 172S jaribio hufanyika kwenye 1,800, na upungufu huruhusiwa hadi 150. Kwa hiyo fuata kitabu cha ndege yako, si cha jirani.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mwinuko. Wilson uko takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na rubani asipopunguza mafuta injini hutetemeka kana kwamba magneto ina kasoro. Plagi huota masizi, na madini ya risasi yaliyomo katika avgas 100LL, petroli ya ndege, huganda ndani yake kama chembe ngumu za kijivu. Punguza mafuta kwanza kama kitabu kinavyoelekeza, ongeza mizunguko kwa muda mfupi ili plagi zipate joto na kujisafisha, kisha rudia jaribio.

Tatizo likiendelea, sikiliza injini. Mizunguko ikipungua huku injini ikitetemeka, shuku plagi au waya wake. Ikipungua sana lakini injini ikiendelea kunguruma kwa ulaini, huenda majira ya cheche yamechelewa. Ili kuipata silinda yenye kasoro, endesha injini iliyopoa kwa muda mfupi ukitumia magneto yenye tatizo peke yake, izime kabisa, kisha dondoshea tone la maji kwenye bomba la moshi la kila silinda, karibu na silinda yenyewe. Bomba ambalo tone halichemki ndilo la silinda isiyowaka.

Hali inayotutia hofu zaidi ni ile ambayo wateja huifurahia, yaani mizunguko isipopungua kabisa. Huenda waya unaounganisha magneto na swichi umekatika, na magneto hiyo haizimiki. Injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, geuza swichi hadi mahali pa kuzima kwa sekunde moja, kisha uirudishe mara moja. Injini ikiendelea kuwaka kana kwamba hukugusa kitu, izime kwa kukata mafuta, wala asiwepo mtu wa kuisukuma propela kwa mkono, kwani inaweza kuwaka na kuua hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Kufungua magneto, kupanga majira ya cheche na ukaguzi wa ndani unaopendekezwa kila baada ya saa 500 ni kazi ya fundi mwenye leseni, na hatumshauri mwenye ndege yeyote kuzijaribu kiwanjani kwake. Ukitupigia, tueleze mizunguko uliyojaribia, upungufu wa kila upande, kama injini ilitetemeka, na silinda ipi ilibaki baridi, ili fundi aondoke Wilson akiwa na vipuri vinavyohitajika.