Risala ya Klabu ya Kuogelea kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuwaaga Waogeleaji wa Mtindo Huru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Klabu,
Makocha wetu,
Wazazi na walezi,
Waogeleaji wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha jioni hii. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Mpira wa miguu una mashabiki wanaojaza viwanja. Mashabiki wetu sisi ni wazazi waliokaa pale mbele yako, na hata leo, kwa mazoea, baadhi yao wamekuja na mataulo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuomba uje utuagie vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, wanaokwenda kwenye michezo ya kimataifa, ile inayokutanisha riadha, ngumi, mpira wa kikapu na mingine mingi kwa wakati mmoja. Wote wanne wataogelea mtindo huru. Wasichana wote wawili watashindana mita 100. Mvulana mmoja mita 50 na mwenzake mita 400.

Jina la mtindo huru si la mapambo. Kanuni haimpangii mwogeleaji namna ya kuogelea. Akitaka atapiga kipepeo, akitaka atalala chali, na hata akiamua kwenda kama mbwa aliyetumbukia mtoni hakuna mwamuzi wa kumtoa. Anachotakiwa ni kugusa ukuta kila anapogeuka na anapomaliza, asivute kamba ya njia, asitembee chini ya bwawa, na kichwa chake kiwe kimeibuka kabla ya kupita mita 15 tangu aruke au ageuke. Kusimama kidogo apumue anaruhusiwa. Kupiga hatua ndiko hakuna. Sasa mbona wote huonekana wakitupa mkono mmoja baada ya mwingine, uso ukiwa majini? Ni kwa sababu haijapatikana namna nyingine yenye kasi kama hiyo. Ruhusa ipo ya kuchagua chochote, ila saa imekwisha kuchagua.

Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilipoanza Athens mwaka 1896, hata bwawa halikuwepo. Waogeleaji walipakiwa mashuani, wakapelekwa baharini, wakaachwa huko warudi nchi kavu kwa mikono yao. Alfréd Hajós wa Hungaria, kijana wa miaka 18, alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2, na siku hiyo hiyo, akiwa amejipaka mafuta mazito mwilini kwa ajili ya baridi ya maji, akashinda mita 1200. Baadaye alisema kwamba kwenye ile mbio ndefu hamu ya kubaki hai ilikuwa imeizidi hamu ya kushinda. Wanawake walisubiri mpaka Stockholm mwaka 1912, ambako Fanny Durack wa Australia alitwaa mita 100. Mita 1500 walinyimwa kwa zaidi ya karne nzima. Wanaume walikuwa nayo tangu 1908, wanawake wakaipata kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Katie Ledecky wa Marekani aliishinda mara hiyo ya kwanza, akairudia Paris mwaka 2024. Hatujui waliokuwa wakisema wanawake hawaiwezi walikuwa wamekaa wapi siku hizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo lenyewe tulilokuja nalo linahusu ukuta.

Mwaka 1960, Roma, fainali ya mita 100 wanaume. John Devitt wa Australia na Lance Larson wa Marekani walifika ukutani karibu pamoja. Wakati ule mshindi aliamuliwa kwa macho ya waamuzi, na saa za mkono zilikuwa za kusaidia tu. Saa tatu za Larson zilisoma 55.0, 55.1 na 55.1. Saa tatu za Devitt zote zilisoma 55.2. Waamuzi wa macho wakagawanyika nusu kwa nusu. Mwamuzi mkuu akampa Devitt dhahabu, na muda wa Larson ukaandikwa 55.2 ili ulingane na uamuzi. Malalamiko yalipelekwa, hayakubadili kitu. Kufika Mexico mwaka 1968, ukutani kulikuwa na vibao vya umeme vya kugusa: mkono ukikisukuma kibao saa inasimama yenyewe, na mawimbi peke yake hayakiwashi.

Tunaileta habari hii ya Roma kwa sababu sisi bado tuko huko huko. Katika mashindano yetu ya ndani mwaka huu, wasichana wetu hawa wawili waligusa ukuta kama mtu mmoja. Kila njia ilikuwa na watunza saa watatu, wamechuchumaa ukingoni, vidole gumba juu ya vitufe. Mmoja wao alirushiwa maji usoni wakati ule ule wa kugusa, akafumba macho, akabonyeza kwa kukisia. Saa tatu zikatoa nyakati tatu. Kocha akachukua ile ya katikati, kama kanuni inavyotaka, na msichana mmoja akatangazwa mshindi. Mpaka leo hawajakubaliana nani alitangulia, nao ni ndugu wanaolala chumba kimoja.

Mtu anaweza kusema tunababaika na vitu vidogo. Muogeleaji bora wa mita 100 duniani huenda zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo mia moja ya sekunde ni kama sentimita 2 za maji. Hapo ndipo medali hupatikana na kupotea. Ahmed Hafnaoui wa Tunisia aliingia fainali ya mita 400 kule Tokyo akiwa wa mwisho kati ya wanane waliofuzu, akapangwa njia ya 8, pembezoni kabisa, ambako hakuna anayetazama. Alikuwa na miaka 18. Alishinda kwa dakika 3 na sekunde 43.36, akimwacha wa pili kwa sekunde 0.16. Lau angerudia muda wake wa mchujo asingepata medali yoyote. Sisi wengine tunaozoea kupewa njia za pembeni tuliiangalia ile mbio mara nyingi sana. Kocha ametukataza kuiangalia tena kabla ya mazoezi.

Ziko pia mbio ambazo hata umeme haukupata mshindi mmoja. Nancy Hogshead na Carrie Steinseifer walipewa dhahabu mbili za mita 100 mwaka 1984, Anthony Ervin na Gary Hall Jr. wakagawana mita 50 mwaka 2000, Simone Manuel na Penny Oleksiak wakagawana mita 100 mwaka 2016. Saa zina uwezo wa kusoma elfu moja ya sekunde, lakini kanuni zinakomea kwenye mia moja, na kwa haki kabisa. Elfu moja ya sekunde ni milimita 2 hivi, na hakuna fundi anayejenga bwawa ambalo kila njia yake imelingana na jirani kwa milimita 2. Ungekuwa unampa dhahabu aliyepata njia fupi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utuvumilie kwa mfano mmoja tu zaidi, maana huu ndio unaotuhusu kuliko yote. Mwaka 2000, Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alisimama kuogelea mchujo wa mita 100. Alikuwa amepata nafasi iliyotengwa kwa nchi ambazo waogeleaji wao hawajafikia viwango. Alianza kujifunza kuogelea chini ya mwaka mmoja kabla ya siku ile, kwenye bwawa dogo la hoteli lisilofika nusu ya urefu wa lile la mashindano. Waliopangwa naye walikuwa wawili. Wote wawili walitumbukia kabla ya mlio, wakatolewa. Akabaki peke yake na mita 100 za maji. Mita 50 za kwanza alikwenda vizuri. Akageuka. Baada ya hapo miguu ikaanza kuzama, mikono ikawa mizito, na karibu na mwisho ikaonekana kama hasogei kabisa. Uwanja mzima ulisimama ukimpigia kelele mpaka akagusa. Dakika 1, sekunde 52.72. Waogeleaji wakubwa walikuwa wakimaliza mita 200 kwa muda mdogo kuliko huo.

Watu wengi hukumbuka mbio ile kwa kucheka, au kwa machozi. Sisi tunaikumbuka kwa hesabu. Moussambani hakuzidiwa na moyo wala na nguvu. Alizidiwa na urefu wa bwawa ambalo mwili wake haujawahi kulijua. Baadaye alipunguza muda wake sana, na mwaka 2012 akateuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya nchi yake.

Bwawa letu lina mita 25. Mwogeleaji wa mita 100 hugeuka mara tatu humu, na kila akigeuka anausukuma ukuta kwa miguu na kupata kasi ya bure. Kwenye bwawa la mita 50 anageuka mara moja. Wa mita 400 hugeuka mara 15 hapa. Kule ni mara 7. Kwa hiyo muda wetu wa hapa unatudanganya, unatusifu kuliko tunavyostahili. Na yule kijana wetu wa mita 50 kule hageuki kabisa. Mara yake ya kwanza kwenye bwawa refu aliondoka vizuri mno, akafika katikati, na pale penye mita ya 25 tukaona kidevu kinaingia kifuani na mgongo unaanza kujikunja. Mwili ulikuwa unataka kupinduka kwenye ukuta usiokuwepo. Alijizuia, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kupita. Alipotoka majini hakusema neno. Alikaa kwenye benchi na miwani yake usoni kwa muda mrefu.

Pale penye kina kirefu tuna kigae kimoja kilichopasuka, kama mita 2 kabla ya ukuta. Kigae hicho ndicho kipimo chetu: ukikiona, vuta mkono mara moja, jikunje. Kwenye mabwawa ya mashindano kazi hiyo hufanywa na mstari mweusi wa sakafuni, unaoishia mita 2 kabla ya ukuta kwa alama kama herufi T. Vijana wetu wanne wamefundishwa na kigae. Vibao vya kurukia pia hatuna. Tunaruka kutoka ukingoni, na mwenzetu mmoja alipopanda kibao cha kweli kwa mara ya kwanza aliteleza akaanguka kifudifudi mbele ya watu.

Liko na donge moja ambalo tungelimeza, lakini tumeona tulitoe. Msimu uliopita tulisafiri siku mbili kwenda kwenye mashindano tuliyoambiwa yanatambuliwa, ili vijana wapate muda wa kufuzu. Waliogelea muda mzuri. Wiki tatu baadaye tukaarifiwa kwamba nyakati hazikupokelewa, kwa kuwa walioandaa hawakuwa wamekamilisha utaratibu wa kuzisajili. Hatutamtaja mtu. Ila vijana watatu walilazimika kusaka muda ule upya, na wa nne, ambaye hayumo katika hawa tunaowaaga leo, aliacha kuogelea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu hayahusu mavazi. Tunalisema hilo mapema kwa sababu wafadhili wengi hupenda kutoa mavazi, yanapendeza kwenye picha. Mwaka 2008 na 2009 yalitokea mavazi ya plastiki yaliyomwelesha mwogeleaji, rekodi zikaanguka kama majani, na tangu Januari 2010 yakapigwa marufuku. César Cielo wa Brazil aliogelea mita 100 kwa sekunde 46.91 mwaka 2009 akiwa katika vazi la aina hiyo. Pan Zhanle wa China akaogelea sekunde 46.40 Paris mwaka 2024, akiwa na kaptura ya kitambaa inayoishia magotini. Kaptura tunazo.

Tunaomba, kwa heshima, utusaidie kupata saa mbili kwa wiki katika bwawa la mita 50, hata kama ni alfajiri ambapo hakuna mwingine anayelitaka. Tunaomba vibao vinne vya kurukia kwa bwawa letu hili. Na kama itawezekana, vibao vya kugusa kwa njia mbili tu, ile ya 4 na ya 5, ili siku ndugu hawa wawili wakifika pamoja tena, nyumba yao ipate amani.

Kwa upande wetu, klabu itatoa makocha wawili kila Jumamosi kuwafundisha kuogelea, bila malipo, watoto wasio wanachama. Orodha ya majina imekwisha kubandikwa mlangoni na ina watoto 31.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bendera ya kuwakabidhi vijana iko mezani upande wako wa kulia. Wanasafiri kesho saa kumi na moja alfajiri, na kocha ameagiza wote wawe wamelala ifikapo saa tatu usiku, hivyo hatutakuchukulia muda zaidi.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa na Katibu kwa niaba yao.