Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Kamakhya

Ndugu wanachama,

Kabla ya hesabu nianze na lawama, maana najua wengine mmekuja nayo mkononi. Ni kweli, tarehe za safari ya Assam, kule India, nilizipanga mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba sikukuu kubwa ya hekalu la Kamakhya, mungu wa kike wa Wahindu, ni Ambubachi, mwezi Juni, nikadhani siku ya sikukuu ndiyo siku ya kumwona mwenyewe. Tukafika Guwahati, tukapanda kilima cha Nilachal, na Mto Brahmaputra umetanda chini yetu kama bahari chafu. Mlango tukaukuta umefungwa. Hufungwa siku tatu kila mwaka, kwa sababu mwenye nyumba yuko hedhini.

Kwa hiyo ada zenu zililipia watu tisa kwenda kutazama mlango. Nakiri.

Kwa waliobaki nyumbani, habari yenyewe ni hii. Wahindu husimulia kwamba mungu wa kike Sati alikufa kwenye kafara ya baba yake, Daksha, baada ya mumewe, mungu Shiva, kutukanwa. Shiva akambeba maiti akizunguka naye dunia nzima kwa uchungu, mpaka mungu Vishnu akaukatakata mwili ule kwa gurudumu lake. Kila kipande kilipoangukia pakawa mahali patakatifu. Hesabu inayotajwa sana ni 51. Kilichoangukia Nilachal ni uke wake. Ndani ya chumba kitakatifu cha hekalu, basi, hamna sanamu. Kuna mwamba wenye ufa, uko chini ya usawa wa ardhi, na chemchemi huulowesha daima. Waumini humwita Ma, yaani Mama.

Njia yao ya ibada ni Tantra. Mwanafunzi hufunzwa na mwalimu wake, ana kwa ana, na kile ambacho dini nyingi hukiweka kando kama najisi, damu na mwili, ndicho kinachoshikwa kuwa mlango. Sisi wanaume wa chama hiki tulikuwa na vitabu vyetu na madaftari, tukawa tunalieleza jambo hili kwa maneno marefu pale kwenye ngazi, mvua ikitunyeshea. Shangazi yetu wa Pangani, ambaye wengi mnamjua kwa kazi yake ya ukungwi, alitusikiliza mpaka tukachoka. Kisha akasema, “Mwali yuko ndani. Siku ya nne atatolewa. Sasa ninyi mnahangaika nini?”

Sikuwa na la kuongeza. Siku hizo tatu wakulima wa Assam hawatii jembe shambani, kwa kuwa ardhi nayo inahesabiwa kuwa katika siku zake, na mvua za masika yao ndiyo zinaanza kuishibisha. Kilima kizima kilikuwa kinamngoja mtu mmoja aliyepumzika: watawa wenye nguo nyekundu na majivu mwilini, waimbaji wa Baul kutoka Bengal, akina mama na vyungu vyao vya chakula. Hakuna aliyelalamika kwamba mlango umefungwa, isipokuwa wajumbe wenu.

Kilima hiki hakina Mama mmoja tu. Wanawataja kumi, Mahavidya: watatu wana makao katika hekalu kuu, saba wana mahekalu yao kilimani, na Bhuvaneshvari yuko juu kabisa. Chinnamasta amejikata kichwa na kukishika mkononi. Aliyetushika sisi ni Dhumavati. Katika picha tulizonunua njiani ni mjane, kizee, ana kunguru, na mkononi ameshika ungo. Shangazi alipouona ule ungo alicheka mpaka akaketi chini. “Kwetu mwali anauvunja,” alisema, “na hawa wamempa bibi autunze!”

Historia naipita haraka, imo katika jarida letu. Jengo la sasa ni la 1565, la mfalme Naranarayan wa Koch na nduguye Chilarai. Mwashi wao, Meghamukdam, alishindwa mara mbili kuusimamisha mnara kwa mawe. Mara ya tatu akatumia matofali, ndipo likapatikana lile kuba lenye umbo la mzinga wa nyuki.

Kuna mambo mawili yaliyowakwaza baadhi yetu, nami sitayaficha. La kwanza ni kafara: mabeberu, njiwa, wakati mwingine nyati. Majike hayachinjwi. Mjumbe mmoja aliondoka na kwenda kungojea chini barabarani, na ana haki yake. La pili ni swali la binti yetu mdogo kuliko wote msafarani. Ikiwa hedhi ya Mama ni takatifu kiasi hiki, mbona kwa desturi mwanamke aliye katika siku zake haingii hekaluni? Mwenyeji wetu alitabasamu, akatuuliza kama tumekunywa chai.

Siku ya nne mlango ulifunguliwa. Foleni ilianza usiku, watano kati yetu walikuwa na ndege ya kuwahi, wakaondoka bila kuona kitu. Wanne tuliingia. Ngazi za mawe zinashuka gizani, zinateleza, watu wamebanana, taa ni za mafuta tu. Nilipofika chini niliinama nikagusa maji, na mtu wa nyuma yangu akanisukuma nipishe. Haikuzidi pumzi mbili. Shangazi alipewa kipande cha nguo nyekundu, ya zile zilizofunika mwamba siku hizo tatu.

Upungufu wa mfuko umetokana na siku mbili za ziada hotelini. Mweka hazina atausoma. Sehemu yangu nitailipa mwenyewe kabla ya Desemba.

Ajenda ya nne ni hicho kitambaa. Kiko katika bahasha ya kaki kwa katibu. Wapo wanaotaka kitundikwe ofisini kwenye fremu. Shangazi anasema kitu kama hicho hakitundikwi ukutani, kinafungwa na kuwekwa sandukuni. Naomba mkutano uamue.