Malisho yapumzishwe kabla ya kupandwa

Mhariri,

Kila mvua za Novemba zinapokaribia, sisi wafugaji huletewa miche ya miti ya kupanda kwenye malisho yetu. Gari linashusha, picha zinapigwa, idadi inaandikwa. Ikifika Agosti, iliyobaki hai inahesabika kwa vidole, kwa sababu hakuna aliyetuuliza ng'ombe watapita wapi eneo hilo likishapandwa. Inaniuma, maana nguvu na fedha zinapotea na ardhi inabaki vilevile.

Wasukuma wana ngitili, yaani malisho ya akiba, tangu enzi za mababu. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Nyasi zinakua mpaka zinazaa na kumwaga mbegu, na kiangazi kikikaza ndipo linafunguliwa, tena kwanza kwa ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai na wale wakongwe wasioweza kutembea mbali. Wamaasai nao wana olopololi, kwa kusudi hilohilo.

Tuliziacha ngitili wenyewe, na tulisukumwa kuziacha. Miti ilifyekwa kumfukuza mbung'o, mapori yakawa mashamba ya pamba, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikatuhamisha mbali na maeneo tuliyoyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kitalu gani cha miche kingeweza kazi hiyo? Miti mingi ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai chini ya ardhi tuliyodhani imekufa.

Nyasi ya kudumu ikiliwa, huchota akiba ya mizizini ili iote majani mapya. Ikirudiwa kabla haijarejesha akiba hiyo, mizizi hufupika, na siku moja shina halichipui tena. Udongo ukibaki uchi, matone ya mvua huupiga ukafunga gamba, na maji yote yanateleza kwenda korongoni. Mahali palipofikia hapo hapaponi kwa kupumzishwa tu, nakiri. Panahitaji matuta ya nusu-mwezi, mdomo ukielekea juu ya mteremko maji yanakotokea, na ndani yake mbegu za nyasi za palepale. Hiyo ni kazi ya jembe na mgongo, na hapo ndipo fedha za miradi zingetufaa.

Nasikia pia wanaosema dawa ni kupunguza mifugo, basi. Idadi ina uzito wake, lakini hata kundi dogo likikaa mahali pamoja mwaka mzima litapamaliza. Ardhi inataka muda wa kupumua.

Na muda huo unalindwa na watu. Ngitili zilirudi kwa sababu mkutano wa kijiji uliamua lini kufunga na lini kufungua, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakasimamia, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku akatozwa faini bila kuangaliwa sura. Zipo dosari. Baadhi ya ngitili zimeishia mikononi mwa wenye uwezo, na mwenye ng'ombe watatu sasa anakodi malisho. Hilo nalo lisemwe wazi, kwa kuwa asiye na sehemu katika eneo lililofungwa hana sababu ya kulilinda.

Njia ya kisheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Kule Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA, jina lililobeba kipande cha jina la kila kijiji, na wafugaji wakapewa hati za kimila za pamoja. Ng'ombe hajui mpaka wa kijiji, na mpango wao umelikubali hilo.

Ombi langu kwa wenye miradi na kwa halmashauri zetu ni hili: njooni mkutanoni mwezi Septemba, kabla ya kuagiza mche wowote. Tuonyesheni bajeti. Tuulizeni eneo gani lifungwe, mifugo ipite wapi kufika majini, na nani atalipwa kulinda. Mkirudi baada ya misimu miwili, acheni kuhesabu miche; piteni na kinamama wakamuaji, muone ndama wanakula nini mwezi Agosti.

Mfugaji,
Mkoa wa Shinyanga