Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya mpya, kuhusu zile saa 48

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Hongera kwa uteuzi. Kabla hujaripoti, wenyeji watakuwa wamekwisha kukuonya juu ya baridi ya Juni na barabara za vijijini wakati wa masika. Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa Mbeya na wilaya jirani, tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na tunakuandikia juu ya jambo moja tu utakalolikuta mezani siku ya kwanza: mamlaka ya kumweka mtu ndani kwa saa 48. Hatutaji jina wala wilaya, kwa kuwa barua hii inamhusu yeyote atakayekalia kiti hicho, kuanzia Chunya hadi Ludewa, Mbozi hadi Mufindi.

Mamlaka yenyewe yamo katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, Sura ya 97. Kifungu cha 7 ni cha Mkuu wa Mkoa, cha 15 ni chako. Mtendaji wa kata anayemtishia mkulima kwamba "nitakupa saa 48" anatumia kifungu kisicho chake. Na hata wewe unayetajwa humo, namba 48 ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika kifungu hicho.

Kifungu kinazungumzia mambo mawili. La kwanza ni mtu aliyetenda kosa la jinai mbele yako, au unayejua kuwa amelitenda: huyo unaweza kuamuru akamatwe. La pili, ambalo ndilo lenye kelele, ni kuzuia. Hapo unatakiwa uwe na sababu ya kuamini kwamba mtu anaelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu, na kwamba hakuna namna nyingine ya kumzuia isipokuwa kumweka kizuizini. Tunakuomba urudie kusoma hayo maneno ya "hakuna namna nyingine". Ndiyo mlango wa kifungu, na watu wengi huingilia dirishani.

Namna nyingine zipo tele. Unaweza kuahirisha mkutano. Unaweza kuomba askari wawili wasimame karibu bila kumgusa mtu. Kama ugomvi ni wa mpaka wa shamba kule Usangu au Umalila, lipo baraza la ardhi. Kama kweli unamhofia mtu fulani, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kumwita na kumtaka aweke dhamana ya kutunza amani. Mtu anarudi kwake akiwa amefungwa na ahadi yake, wala hakuna aliyelala sakafuni. Njia hiyo ni nadra kutumika, nadhani kwa sababu haina king'ora.

Ukishaamuru, kalamu ndiyo inayoanza kazi. Sababu za kumkamata mtu zinapaswa kuandikwa, na nakala imfikie hakimu. "Alileta fujo" si sababu. Sababu ni neno au tendo: alisema au alifanya nini, wapi, saa ngapi, mbele ya nani, na kwa nini kumtoa mkutanoni au kumpeleka kwa hakimu kusingetosha. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kuijaza. Ukikaa na kalamu dakika kumi ukaikosa, ujue mamlaka hayakufika huko, hata kama hasira yako ina haki.

Kinachofanyika badala yake ni simu. OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, anapigiwa, defenda ya polisi inatumwa, mtu anafikishwa kaunta, na askari wa zamu akifika kwenye safu ya kosa katika kitabu cha mahabusu anaandika "amri ya DC". Kosa la jina hilo halimo katika Kanuni ya Adhabu. Toka hapo kila kitu kinakwama. Mkuu wa kituo hawezi kutoa dhamana ya polisi kwa sababu hajui anamdhamini mtu kwa kosa gani. Ndugu wakileta chakula na swali, wanaambiwa wasubiri mpaka mkuu aseme. Siku ya tatu mtu anafunguliwa mlango na kuambiwa aende nyumbani, akiwa hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alikuwa pale.

Sasa saa yenyewe. Inaanza kuhesabiwa pale mtu alipokamatwa, si pale jina lake lilipoingia kitabuni. Anayekamatwa Madibira na kupelekwa Rujewa, au anayetolewa ufukweni Lupingu akapandishwa milima hadi Ludewa mjini, safari yote imo ndani ya saa 48. Na sheria inasema saa. Haikusema siku za kazi. Mtu aliyekamatwa Ijumaa saa 10 jioni, kama hajafikishwa mbele ya hakimu, anapaswa kuwa nje Jumapili saa 10 jioni. Mahakama kufungwa Jumamosi na Jumapili hakumwongezei dakika. Ukamataji wa Ijumaa jioni tunaujua sote unavyotumika, Mheshimiwa, kwa hiyo usitushangae tukiutazama kwa jicho la pembeni.

Saa zikiisha, kuachiwa hakungoji ruhusa yako. Wala huwezi kumkamata tena kwa sababu zile zile. Kile kitendo cha kumtoa nje hadi getini na kumrudisha ndani kwa "amri mpya" kimekatazwa na kifungu chenyewe. Na mwisho wa kifungu kuna onyo linalokuhusu wewe binafsi: anayetumia mamlaka haya vibaya anaweza kushitakiwa kwa matumizi mabaya ya ofisi, chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya taratibu tu. Ibara ya 15 ya Katiba haikuyaona hivyo. Inasema mtu hatakamatwa wala kufungwa isipokuwa katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Hali na utaratibu, vyote viwili. Kwa hiyo kukamata mtu anayestahili kukamatwa, bila kuandika sababu, bado ni kuvunja Katiba. Mahakama ya Rufani katika shauri la Daudi Pete iliweka kipimo kinachofundishwa mpaka leo: sheria inayominya haki ya msingi lazima iwe na kinga dhidi ya uamuzi wa kiholela, na iminye kwa kadiri inayohitajika tu. Katika kifungu cha 15, kinga hiyo ni ile karatasi. Ukiitupa karatasi, kinachobaki ni uholela mtupu.

Mamlaka haya yana umri mrefu kuliko haki zenyewe. Yalikuwamo katika sheria za mwaka 1962 za wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo, wakati Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama vya siasa, iliziorodhesha sheria hizo miongoni mwa 40 ilizoona zinakandamiza. Sheria ya 1997 ilikuja baadaye na kuyaendeleza, yakiwa na masharti tuliyoyataja.

Mambo matatu yatakujia mapema.

Michango. Darasa halina paa, ofisa anakuletea orodha ya wazazi wasiolipa, na mtu pembeni anasema wakilala ndani wawili, wengine watalipa. Mchango wa kijiji usio na sheria ndogo iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri haudaiki kisheria. Ukiwa na sheria ndogo, anayeikaidi anapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Na kwa shule za umma upo Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulioondoa ada na michango ya lazima. Kutolipa hakuvunji amani ya mtu yeyote.

Watumishi. Mwalimu kachelewa kikao chako, mganga hakumaliza taarifa. Nidhamu yao ina njia: hati ya mashitaka, muda wa kujibu, uchunguzi, halafu adhabu kuanzia onyo hadi kufukuzwa. Selo haimo katika orodha ya adhabu hizo. Na fikiria zahanati yenye muuguzi mmoja juu kule Makete. Ukimweka ndani siku mbili, mjamzito aliyefika usiku ndiye anayeitumikia adhabu.

La tatu ndilo tunalotaka ulitafakari zaidi, kwa sababu lina makofi. Upo kwenye mkutano wa hadhara Mbozi, msimu wa kahawa. Wakulima wanalia kwamba katibu wa AMCOS, chama chao cha ushirika wa mazao, amekula malipo yao. Huenda ni kweli. Unasimama, unanyoosha kidole, unasema "OCD, mchukue huyo", na uwanja unalipuka kwa shangwe. Katibu anaondoka na defenda saa 7 mchana. Kuanzia hapo polisi wana saa 4 za msingi za kumhoji, zinazoweza kuongezewa saa nyingine zisizozidi 8 kwa utaratibu maalumu. Lakini hakuna mpelelezi aliyeandaliwa, wala hakuna aliyevikamata vitabu vya mapokezi ya kahawa. Vimebaki ofisini na wenzake wana funguo. Maelezo yake ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa na polisi baada ya kuonywa, yanachukuliwa kesho yake asubuhi, nje ya muda. Mwaka mmoja au miwili baadaye wakili anasimama, anaonyesha saa ya kukamatwa na saa ya maelezo, na mahakama inayaondoa kwenye kumbukumbu. Mahakama ya Rufani imeyafuta maelezo ya namna hiyo mara nyingi. Vitabu havionekani. Katibu anatoka huru, na wakulima hawapati hata shilingi.

Njia isiyo na makofi ingeanza kimya: ofisa ushirika na wakaguzi waingie, vitabu vichukuliwe kwa hati na risiti, TAKUKURU au mpelelezi aandike maelezo ya wakulima kumi wenye stakabadhi, ndipo katibu akamatwe Jumatatu asubuhi na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama sheria inavyowataka polisi. Kama kosa la jinai lipo kweli, polisi wana mamlaka ya kutosha bila yako. Kama halipo, saa 48 haziwezi kuliumba.

Kuna pia anayeuliza maswali. Mkutano mkuu wa kijiji ndiyo mamlaka ya juu ya kijiji, na wewe pale ni mgeni wa heshima. Mtu anayetaka asomewe mapato na matumizi, au anayehoji kwa ukali mpaka wa Hifadhi ya Ruaha, anatumia ibara ya 18 na ya 21 za Katiba, za uhuru wa maoni na wa kushiriki shughuli za umma. Sauti ya juu si uvunjifu wa amani. Hata wanaotaka kufanya mkutano wa hadhara wa kisiasa, sheria ya polisi inawataka watoe taarifa kwa polisi saa 48 kabla (ndiyo, saa 48 nyingine). Ni taarifa, na haipitii mezani kwako.

Utasema anayeonewa aende mahakamani. Afike lini? Ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya Mahakama Kuu linahitaji wakili, hati ya kiapo na nauli ya kufika Mbeya au Iringa. Linapopangiwa jaji, mtu amekwisha kutoka. Ufupi wa muda ndio unaokinga amri yako isichunguzwe. Kinachobaki ni madai ya fidia: notisi ya siku 90 kwa Serikali, kesi Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiwa ndani yake, na yote ndani ya miaka 3. Mkulima wa viazi ambaye gunia zake zimeoza kwa siku mbili hafiki huko. Na marekebisho ya mwaka 2020 yalitufanya sisi tusioguswa moja kwa moja tusiweze kumfungulia kirahisi kesi ya haki za msingi. Yalimtaka mlalamikaji aape jinsi alivyoathirika mwenyewe.

Ndiyo maana tunaomba kitu kidogo kinachofanyika mapema. Fomu ya ukurasa mmoja, kopi tatu. Jina la mtu. Mahali na saa ya kukamatwa. Neno au tendo lililokupa sababu. Njia nyingine zilizofikiriwa na kwa nini hazikutosha. Saa kamili ambayo muda unaisha, iliyoandikwa kwa tarakimu. Saini yako. Kopi moja kwa hakimu siku hiyo hiyo, moja kwa mkuu wa kituo, moja kwa ndugu. Bila fomu, mkuu wa kituo asipokee mtu kwa jina lako. Na hilo umwambie wewe mwenyewe, kwa maandishi, kwa sababu hatalisema yeye kwako. Idadi ya fomu za kila robo mwaka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa wilaya, bila majina.

Na blanketi. Sakafu ya saruji Njombe au Makete mwezi Julai, usiku umande unapoganda, si mahali pa kumlaza mzee kwa sababu ya mchango wa madawati.

Wenzetu wanaofika kaunta wataendelea kuuliza maswali yale yale manne: amekamatwa saa ngapi, kwa sababu ipi iliyoandikwa, nakala iko kwa hakimu gani, anatoka saa ngapi. Fomu ya mfano tumekwisha kuichapa. Tutaileta ofisini kwako wiki ya kwanza, asubuhi, kabla foleni ya wenye migogoro ya ardhi haijaanza.

Wako,
Wasaidizi wa kisheria,
Mbeya